Alisema Anaandika

Juu ya duka la dobi,
Ngazi ya nyuma, mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na baridi ya huko uliyonilalamikia imeanza kulegea. Macho yanasemaje? Uliniambia daktari amekukataza herufi ndogo, nami najua humsikilizi, kwa hiyo leo nimetumia herufi kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mjomba Mfupi anasema ukiendelea na ukaidi huo utamalizia kusoma kamusi kwa vidole.

Sisi huku miili ni mizima. Kijiko amekua, meno mawili ya mbele yameng'oka, na sasa kila akisema neno lenye "s" anapiga mluzi bila kukusudia. Mimi bado nashona pindo za mapazia pale kwa fundi, na kazi si haba. Hayo ndiyo mazuri, Shangazi. Nimeyatanguliza kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu haingii na habari mbaya kabla hajauliza hali ya goti la mwenyeji.

Sasa kaa kitako. Baba Kijiko yuko ndani. Hii ni wiki ya pili. Hajaiba, hajapigana, hajamtukana mtu. Wamemshika kwa sababu alisema anaandika.

Usicheke. Au cheka, lakini ucheke ukijua kwamba mimi nimesahau namna ya kucheka. Mkweo unamjua. Akitaka kutia saini hutoa ulimi pembeni na kushusha pumzi kama mtu anayenyanyua gunia. Siku tuliyofunga ndoa nusu ya jina lake iliingia kwenye mstari wa shahidi, na karani akatuuliza kama tunaoana watu watatu. Huyo ndiye mtu anayeitwa leo mwandishi wa hatari.

Pale hotelini, kama unavyokumbuka, kazi yake ni kuandika meza. Mzee aliyemfundisha, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Kiswahili cha zamani. Kwake meza haikupangwa wala kutengwa. Iliandikwa, na anayeiandika ni mwandishi. Wenzake wanaoongea Kiswahili wakalidaka neno, likageuka jina. Hata mimi sokoni huitwa Mke wa Mwandishi, na nilikuwa naitika kwa maringo.

Kulikuwa na karamu ya wakubwa. Mwenzake aliyekuwa zamu moja naye alitoroka kidogo kwenda kumwona mchumba, basi Baba Kijiko akamfichia siri na kufanya kazi ya watu wawili. Alipomaliza akamtumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza, umenikaa kichwani kama wimbo mbaya: "Mdogo wangu, starehe tu na mambo yako. Zote nimeziandika mimi, peke yangu. Kesho wakubwa wakikaa tu, wataona wenyewe. Ila msimamizi asijue kuwa ni mimi."

Kesho yake wakubwa walikaa, na kweli wakaona. Chini ya sahani za meza za mbele kulikuwa na karatasi, moja kwa kila mkubwa, zenye maneno juu yao. Sijazisoma na sitaki kuzisoma. Wanaosema zilikuwa na matusi wanasema kwa sauti, na wanaosema zilikuwa na ukweli wananong'ona. Nani aliziweka hatujui mpaka leo. Simu za wafanyakazi wote zilichukuliwa, na ule ujumbe ukasikilizwa.

Wewe ni mtu wa ngeli, Shangazi, hebu tazama mtego ulivyo. Meza na karatasi ziko kundi moja. Ukisema "zote nimeziandika" hakuna mtu duniani anayeweza kujua umesema meza au karatasi, ila aliyekuwepo. Neno moja dogo, "zote", ndilo linalonikosesha usingizi.

Walileta mkalimani. Ni kijana mpole, amejifunza Kiswahili chuoni, na ukimsikia hakosei hata kiambishi. Sina ugomvi naye. Alimwamkia mume wangu kwa heshima, akamwita kaka, kisha akatafsiri kila neno sawasawa na kamusi yake ndogo inavyosema. Wakili tuliyepewa alinisomea mahojiano yote ofisini kwake. Yalikwenda hivi:

"Wewe ni mwandishi?"

"Ndiyo, mimi. Muulize yeyote pale hotelini, atakwambia Mwandishi ni huyu."

"Zile za ukumbini, umeandika wewe?"

"Zote. Peke yangu. Mgongo mpaka leo unaniuma."

"Huwa unaandika wapi?"

"Popote nikiitwa. Harusini, misibani, mikutano ya wakubwa."

"Alikufundisha nani?"

"Mzee mmoja, sasa ni marehemu. Mkali kwelikweli. Ukiandika ovyo anakuvuta sikio."

"Kuna wengine wanaoandika pamoja nawe?"

"Wapo, tena wazuri. Lakini mkubwa wao ni mimi."

"Lengo lenu ni nini?"

"Lengo? Kaka, ukiandika vizuri, mtu anajua mahali pake kabla hajakaa. Hata awe mkubwa namna gani."

Namjua mume wangu. Alikuwa anajisifu. Alidhani kimepotea kijiko cha fedha na wanataka kujua kama yeye ni mtu makini, basi akajieleza kama mtu anayeomba kupandishwa cheo. Walipomuuliza aliingiaje hotelini akajibu kwamba meneja ndiye aliyemwandika. Nalo likatafsiriwa. Meneja sasa anasema hamjui vizuri, ni mfanyakazi tu kama wengine, na nilipokwenda kumwomba aje aseme neno moja alinipokea akiwa amesimama mlangoni, hakunipa hata kiti.

Lililofuata ndilo linalonitoa machozi. Walimletea karatasi nyeupe waone mwandiko wake. Kalamu ilikuwa mfukoni kwa afisa, haijatolewa bado. Mkalimani akamwambia, kwa upole wake uleule, "Tafadhali andika." Baba Kijiko akatazama meza: hakuna sahani, hakuna uma, hakuna glasi, kuna karatasi tu. Akafikiri wanamjaribu. Akaichukua, akaikunja mkunjo wake ule wa kitambaa cha mezani, wenye ncha mbili na tumbo katikati, ikasimama. Akaiweka mbele ya afisa, mkono wa kushoto, akarudi nyuma na kufunga mikono mgongoni.

Afisa aliona amedhihakiwa. Ile karatasi sasa iko ndani ya mfuko wa nailoni, imebandikwa namba, ni ushahidi kwamba mshtakiwa alikataa kutoa mwandiko wake.

Utaniuliza kwa nini hatukueleza. Tumeeleza, Shangazi, mpaka midomo imekauka. Mimi nimeeleza, wakaniambia mke lazima amtetee mumewe. Wenzake walieleza siku ya kwanza tu, wakaambiwa kwamba mtuhumiwa mwenyewe amewataja kuwa wanaandika pamoja naye. Tangu hapo wamepotea kabisa, na yule wa mchumba amehama bila kuaga. Mkalimani alifungua kamusi yake mbele ya wote, akasoma maana ya kuandika: kuchora herufi ili zisomwe. Kituo. Mstari unaofuata ni neno jingine.

Ndiyo maana nakulilia wewe.

Unakumbuka barua zako za zamani, ulipoanza kufanya kazi ya kamusi huko, ukawa unanitumia neno kila mwezi kama mtu anayetuma nguo za mtoto? Ulinieleza kwamba Wafini kwao neno la kuandika lina undugu na kutarizi kitambaa. Kwamba alama ya Kichina ya maandishi ilikuwa zamani mchoro tu, na wengine wanaamini ni chale za kifuani. Kwamba Wagiriki walianza kwa kukwaruza, na Waingereza nao vilevile, kila mmoja kwa neno lake. Kwamba Wahindi fasihi huiita kwa neno lenye maana ya kuwa pamoja, nikasema hao ndio watu. Ukanionya kuhusu Kirusi, ambako ukikosea kuweka mkazo, kuandika hugeuka kukojoa, na Baba Kijiko alicheka mpaka akapaliwa na chai. Alisema heri yake yeye, kwake ukikosea unaweka uma upande wa kisu, basi.

Heri yake yeye. Maneno hayo nayakumbuka kila nikipita kwenye meza yetu.

Wakati ule niliona ni michezo ya wasomi walioshiba. Sikujua kwamba kuandika ni neno lililoenea dunia nzima likiwa limevaa nguo tofauti kila nyumba, na kwamba mtu anaweza kufungwa kwa kuvaa nguo ya nyumba nyingine. Kule kituoni, kwenye benchi la korido, nilikaa na mama mmoja ambaye lugha yake siijui wala yeye hajui yangu. Tulizungumza kwa lugha ya huku, wote wawili tukiivunjavunja. Akaniambia kwao kuandika na kuchora ni neno moja. Tukacheka kidogo. Kisha afisa akageuka kututazama, na sote wawili tukaanza kukagua viatu vyetu. Tukaendelea kuvikagua mpaka akaitwa jina lake.

Kuna barua moja naitafuta tangu juzi siioni, lakini naikumbuka vizuri. Ulisema Waarabu fasihi huiita adabu, neno lilelile tunalomwambia mtoto anayetafuna mdomo wazi. Na ulisema wataalamu wao wa zamani waliliweka kwenye mzizi mmoja na neno la karamu, la kuwaita watu waje mezani. Shangazi, hukutia chumvi pale? Najua unapenda hadithi ikolee. Kama ni kweli, basi hiyo ndiyo naitaka, kwa sababu mtu aliyeunganisha fasihi na meza iliyoandikwa si mume wangu peke yake, na hakuanza jana. Na kama ni chumvi, niambie mapema, nisije nikasimama mbele ya watu na kusema nisichokijua.

Wakili anasema anahitaji mtu asiye wa familia kwa karatasi, mtu wa kamusi, aseme kwa sahihi yake kwamba katika Kiswahili kuandika ni pia kuweka vyombo mezani. Nilimwambia ninaye. Akauliza ana uhusiano gani nami. Nikasema jina la ukoo si moja, uliolewa. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Aseme mtu wa kamusi, siyo Shangazi. Kesi itasikilizwa mwisho wa mwezi. Wakishikilia kwamba yeye ndiye mwandishi, atapelekwa kule mbali ambako watu hawaruhusiwi kutembelewa, na baada ya hapo, tukibahatika, kurudishwa tulikotoka. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Sasa nikwambie ninaloliogopa kuliko yote. Naogopa kukuita. Wao wanatafuta mwandishi, nami nawapelekea barua ya mwandishi wa kweli, pekee tuliye naye katika ukoo mzima. Wataona jina lako kwenye vitabu. Watasema, kumbe ndiko wanakojifunzia. Nimelala na wazo hilo na kuamka nalo. Jana nilichukua karatasi hii nikaiweka, nikaichukua nikaiweka. Kama ukiona afadhali usijiingize, nitaelewa, na mapenzi yangu kwako hayatapungua hata punje. Lakini ukiweza, mtumie wakili moja kwa moja. Anwani yake nimeibandika nyuma. Usitume hapa nyumbani.

Simu sithubutu. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Hata hii barua sijui itakufikia ikiwa na gundi yake ya kwanza. Siku hizi nikiandika orodha ya sabuni na chumvi natazama nyuma. Fundi wangu aliniambia wateja wapya niwaandike kwenye daftari, nikamwambia namba nitazikariri kichwani, akanitazama kama mtu aliyeanza kuugua. Jirani alikuja kunipa pole, akanishika mkono, akaniambia nijipe moyo, imeandikwa. Alikuwa na maana ya majaliwa, maskini. Niliruka nikafunga mlango.

Nimekwenda kumwona mara mbili. Tunazungumzia kwenye kioo, kila mtu na mkonga wake wa simu. Amekonda, shingo imebaki kola tu. Mara ya kwanza alinieleza kila kitu kwa hasira, kwa sauti, kama mtu aliyeonewa. Mara ya pili hakusema Kiswahili kabisa. Alikuwa anatumia yale maneno machache ya lugha ya huku anayoyajua, habari, ndiyo, asante, kama mgeni anayeagiza chai. Nikamwambia ongea bwana, hakuna anayekusikia. Akatazama juu kwenye pembe ya chumba. Kisha akasogeza mdomo karibu na mkonga, akaniuliza polepole: "Mke wangu, mtu akiniuliza kazi yangu, nimwambieje?"

Wakati nafikiri, alikuwa ananyoosha waya wa simu kwa kidole uende sambamba na ukingo wa kaunta. Mikono yake bado inafanya kazi hata kama haina vyombo.

Limebaki la Kijiko, nalo ndilo zito. Shuleni mwanzo wa muhula waliambiwa wachore kazi za wazazi na kueleza. Yeye alimchora baba yake na meza, ila meza ya mtoto unaijua, mraba tu na vitu vya duara juu yake. Mwalimu akamuuliza, baba anafanya nini? Naye akaenda kulitafuta neno katika lugha ya huku, akachukua lile walilomfundisha darasani la kuandika, kwa sababu kwake kuandika ni kuandika tu. Baba yangu anaandika. Mwalimu akafurahi, akaibandika picha ukutani na maneno yake chini yake, na tangu siku hiyo akawa anamwita mtoto wa mwandishi. Mimi mwenyewe niliiona ile picha siku ya wazazi na nikaipiga busu.

Wiki iliyopita maafisa walifika shuleni. Picha imeondolewa ukutani. Mwalimu aliniambia hivyo huku anakusanya chaki zisizohitaji kukusanywa.

Niliporudi nyumbani nilimwita Kijiko, nikampigia magoti. Nikamwambia kuanzia leo tunasema kupanga meza. Baba anapanga. Wewe unapanga. Akanikatalia: "Baba hapangi. Kupanga ni viatu." Nikamwambia basi tutenge. Akasema kutenga ni mtu mkicheza mkamwacha pembeni. Nikampandishia sauti, Shangazi, mpaka yeye akalia na mimi nikalia. Wewe ungecheka ukasema mtoto huyu atakurithi. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu: siku watakapomuuliza yeye.

Sijamwambia kilichotokea kwa baba yake. Nimemwambia yuko kwenye karamu kubwa ya mbali, na wageni hawajaisha.

Nilikuwa nimekusudia kufunga barua hapo juu. Nimekaa hapa jikoni, dirisha liko wazi kwa sababu ya mvuke wa pasi za dobi unaopanda mpaka huku. Kijiko yuko chumba cha mbele. Kazi ya meza ni yake tangu aweze kubeba sahani bila kuivunja; baba yake ndiye aliyempa, pamoja na jina la Kijiko. Kila jioni akimaliza hupiga kelele kutoka kule, mama nimeandika, na majirani wote husikia kwamba kwetu chakula kiko tayari. Tangu nimgombeze amekuwa anamaliza kimyakimya, kisha anakwenda kukaa.

Leo amekuja mpaka hapa nilipo. Amesimama kando ya kiti changu, akaninong'oneza sikioni, na ule mluzi wake: "Mama, sasa nimepanga."

Ndilo neno nililolitaka. Nimelipigania wiki nzima, na lilipotoka mdomoni mwake nilihisi kama nimempeleka baba yake mwenyewe kwa mkono wangu.

Nimeinuka nikaenda kuona. Meza ya watu watatu. Uma kushoto, kisu kulia, makali yametazama sahani. Mahali pa baba yake ameweka ile glasi isiyo na ufa, na mbele yake kitambaa, ncha mbili na tumbo katikati. Kimeegemea kidogo, lakini kimesimama.

Nimemwambia, Kijiko, hapana. Sema kama baba yako anavyosema.

Kabla hajasema, amegeuka kwanza akatazama dirisha.

Shangazi, nimeona mengi mwezi huu, ila hilo ndilo limenimaliza. Hakuna aliyemfundisha. Amejua mwenyewe kwamba neno hutazamiwa dirisha. Nilimwambia liache wazi, sema tu. Akasema, "Mama, nimeandika." Nikamwambia sijasikia. Akavuta pumzi, akapiga kelele kama zamani, nimeandikaaa, mpaka dobi kule chini akaacha kupiga pasi.

Tukasimama tukasikiliza. Ngazi zikalia, hatua moja moja, zikipanda. Nilimshika mkono nikabana. Zikapita mlango wetu zikaendelea juu. Alikuwa jirani na ndoo yake ya maji.

Kwa hiyo nakuomba, kama unaweza, waambie. Na wewe mwingine, kama umeifungua bahasha hii kabla ya mwenyewe na mkalimani wako yuko kando yako, mwambie atafsiri vizuri hapa: mtoto ameandika. Ni sahani tatu, uma tatu, vijiko vitatu na kiti kimoja kitupu. Hakuna kingine chini ya sahani. Mnaweza kuja kutazama.

Nisalimie sana Shemeji Fundi Saa, mwambie ile ya ukutani bado inakwenda mbele na hatuna ugomvi nayo. Nisalimie mapacha, na Bibi wa ghorofani mwenye paka. Mjomba Mfupi akikupigia, usimweleze haya kwa simu. Mwambie tu namsalimu. Kijiko anakubusu magoti yote mawili, lililo zima na lililo gonjwa.

Mungu akulindie macho, Shangazi, akulindie na mkono, na akufungulie njia barua hii ikukute wewe kwanza.

Nilizoea kumalizia kwa lile jina la sokoni. Leo nimeliogopa, kisha nimeona haya kuliogopa mbele ya mtoto. Basi ni mimi,

Wako akupendaye, uliyenifundisha kuandika, yote mawili,

Mke wa Mwandishi.